WEWE NI NANI? NENO KWA VIJANA NA WAZAZI WAO

Masomo: Mathayo 16:13-17, Yohana 1:19-23, Waamuzi 12:4-6



  Mwezi huu tumeona vema kusema juu ya jambo ambalo kwa sura ni mchezo tu, lakini ndani yake limebeba swali zito.

Vijana wetu wanaosoma Bujumbura wanaporudi likizo huja na mchezo katika simu. Wanauita testi. Simu inakuuliza maswali kumi au kumi na tano. Je, kuna wakati uongo ni halali? Je, mwanadamu anayaongoza maisha yake mwenyewe, au yote yamekwisha kupangwa? Je, bora ni furaha au ni wajibu? Chini ya kila swali kuna majibu machache, nawe unachagua moja. Ukimaliza, simu inakutangazia kwamba wewe ni Plato, au wewe ni Aristotle. Mwingine huambiwa ni Kant, mwingine Nietzsche. Hao ni wanafalsafa (wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tunasema wanafilozofia), yaani watu waliotumia maisha yao kuwaza juu ya ukweli, wema na maana ya kuishi. Kijana anawaonyesha wenzake jina alilopata, watu wanacheka, jioni inapita.

Wazazi kadhaa wametuuliza: Je, ni dhambi? Na vijana kadhaa wameuliza lililo zuri zaidi: Je, ni kweli? Simu inaweza kunijua mimi ni nani? Tuyajibu yote mawili kwa utaratibu.

1. SIMU HAIKUJUI

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Testi hiyo imeundwa na mtu. Mtu huyo aliketi mahali, akachagua kwanza majina yake, tuseme manane. Kisha akatunga maswali, na kila jibu akaliwekea alama ya jina fulani. Ukisema wajibu ni bora kuliko furaha, Kant anapata alama. Ukisema furaha ni bora, Epicurus anapata. Mwisho mashine inahesabu, na jina lenye alama nyingi ndilo unalopewa. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna unabii. Ni hesabu ya kujumlisha, kama ile ya mwenye duka anayejumlisha madeni yetu ya sabuni na chumvi.

Kwa hiyo angalieni jambo hili: jina lako lilikuwa limeandikwa kabla hujajibu. Mashine haiwezi kukupa jina lisilo katika orodha yake. Haiwezi kukuambia, "Wewe unafanana na bibi yako aliyelea yatima saba." Haimjui bibi yako.

Lakini mbona wengi wakisoma majibu yale husema, "Ni mimi kabisa"? Mwaka 1948 huko Marekani, mwalimu wa saikolojia aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maswali ya kupima tabia. Baadaye kila mmoja akapewa karatasi yenye maelezo juu ya tabia yake, akaombwa kusema yanamfaa kwa kiasi gani, kutoka 0 hadi 5. Wastani wa alama walizotoa ulipita 4. Ndipo akawafunulia siri: wote walikuwa wamepewa karatasi moja, maneno yale yale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha mambo ya nyota. Kila mmoja alijiona humo kwa sababu maneno yalimfaa mtu yeyote. Wapendwa, mwenye kiu ya kuambiwa yeye ni nani ataamini karibu lolote. Na sisi tuliopoteza nyumba, mashamba na vyeti, kiu hiyo tunayo kuliko watu wengi.

2. LAKINI MAJINA HAYO NI YA WATU

Kijana asidhani tunamkataza kuwaza. Biblia haina hofu ya wanafalsafa. Katika Matendo 17 tunasoma kwamba Mtume Paulo alipokuwa Athene alijadiliana na Waepikureo na Wastoiko. Hakuwakimbia, tena hakuwatukana. Alisimama Areopago, akataja hata maneno ya washairi wao ili kuwafikisha kwa Mungu aliye hai. Ni kweli katika Wakolosai 2:8 anaonya tusifanywe mateka kwa elimu tupu isiyomfuata Kristo. Lakini anayeonya juu ya njia ni yule aliyeipita mwenyewe, akaijua.

Kwa hiyo, kijana, kama simu imekwambia wewe ni Mstoiko kama Epictetus, usiishie kwenye picha. Mtafute huyo mtu. Epictetus alizaliwa Hierapoli, mji ambao Paulo anautaja katika Wakolosai 4:13. Alikuwa mtumwa, tena kilema wa mguu. Baadaye alipata uhuru wake, akafundisha Roma, mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa. Akaenda kuishi Nikopoli, huko Ugiriki, akafungua shule ugenini. Alifundisha kwamba yako mambo yaliyo katika uwezo wetu na mengine yasiyo katika uwezo wetu, na kwamba mwenye hekima hujua kuyatenganisha. Ni nani kati yetu asiyelihitaji somo hilo, sisi ambao siku ya kurudi kwetu haipangwi nasi?

Kama simu imekwambia wewe ni Aristotle, basi ujue kwamba alikuwa na akili nyingi ajabu, na kwamba aliandika pia kuwa wako watu waliozaliwa ili wawe watumwa. Je, na hilo ni lako? Ukiambiwa wewe ni Hannah Arendt, ujue kwamba alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933, akafungwa katika kambi ya Gurs huko Ufaransa mwaka 1940, akafika Marekani mwaka 1941, na kwa miaka mingi hakuwa raia wa nchi yoyote. Mwaka 1943 aliandika makala juu ya wakimbizi akiwa mkimbizi mwenyewe.

Mnaona tofauti? Testi inakupa jina kama kofia ya kuvaa jioni moja. Kumsoma mtu kunakupa mwenzako wa kuulizana naye: hapa nakubali, hapa nakataa. Basi jibu letu kwa wazazi ni hili: mchezo si dhambi. Hasara yake ni kula mega za simu na kumwacha kijana akidhani amekwisha kujua.

3. ORODHA ISIYO NA WA KWETU

Vijana wametuonyesha majina ya testi kadhaa. Hatukuona humo hata jina moja la mtu wa kwetu. Si kwamba hawapo. Padri Alexis Kagame wa Rwanda aliandika juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda mwaka 1956. Mchungaji John Mbiti wa Kenya alitoa kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969. Na Burundi ilikuwa na Padri Michel Kayoya.

Huyu tungependa kila kijana anayesoma Bujumbura amfahamu. Alikuwa padri, mshairi na mtu wa kuwaza. Vitabu vyake viwili vya Kifaransa, kimoja cha mwaka 1968 na kingine cha mwaka 1970, vilitolewa Bujumbura penyewe. Alikuwa akiuliza swali ambalo bado ni letu: kijana wa Burundi aliyepita shule ya wazungu atachukua nini katika utu wa baba yake, na atapokea nini kipya, bila kujipoteza katikati? Hakulijibu kwa kuchagua moja kati ya manne. Alilijibu kwa kurudi nyuma na kufuata nyayo za baba yake, polepole, kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea.

Mwezi Mei 1972 Padri Kayoya aliuawa. Wazee wetu wanaujua mwaka ule. Wengine walikimbilia Tanzania wakiwa watoto mgongoni, wakakulia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ulikuwa mwaka wa orodha. Watu wengi, hasa waliosoma, waliitwa kwa majina yaliyoandikwa, wakachukuliwa, wasirudi. Mtu aliyetumia miaka yake kuuliza "Sisi ni nani?" aliuawa na watu waliodhani wamekwisha kupata jibu.

4. MASWALI YANAYOUA

Hapa ndipo tunapotaka tusikilizane vizuri. Watu wa nchi nyingine wanaweza kuchezea swali la "Wewe ni nani?" bila hofu. Sisi tumelisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Tumelisikia mtoni usiku.

Biblia inatupa mfano wake katika Waamuzi 12. Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani. Kila aliyefika akitaka kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, anaambiwa atamke neno moja tu, Shibolethi. Asiyeweza kulitamka vizuri akasema Sibolethi, basi anauawa pale pale. Waliokufa walikuwa watu 42,000. Ilikuwa testi ya swali moja. Na waliouliza na walioulizwa wote walikuwa wana wa Israeli.

Nani kati yetu anahitaji kufafanuliwa habari hiyo? Mto wetu ni Rusizi badala ya Yordani. Tumewahi kusikilizwa namna tunavyotamka maneno. Tumewahi kuangaliwa pua na urefu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba karibu na Bujumbura, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa katika kambi walimodhani wamepona. Wengi wao walikuwa Wabanyamulenge, na kati yao walikuwamo wanawake na watoto wengi. Hakuna kabila kati yetu lisilo na makaburi yake. Na tuseme kweli mbele za Mungu: hakuna kabila ambalo mtoto wake hakuwahi kuishika orodha.

Sasa sikieni habari ya Buta. Ni seminari ndogo katika Bururi, kusini mwa Burundi, shule ya vijana. Vita vilipokuwa vikali, walimu wao waliwazoeza kusemezana kwa uwazi juu ya yale yaliyokuwa yakitokea nchini, na kuishi kama ndugu, Wahutu na Watutsi katika bweni moja. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia. Waliwaamuru wanafunzi watengane: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule.

Wapendwa, hiyo nayo ilikuwa testi. Swali moja, majibu mawili, na orodha iliandikwa zamani. Wale vijana walikataa kuchagua. Hawakutengana. Risasi na mabomu vikawapata pamoja, na 40 wakafa.

Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi njia ya kuomba watangazwe kuwa mashahidi wa imani. Jina linalotangulia katika kundi hilo ni Michel Kayoya, na hao vijana 40 wa Buta wamo pamoja naye. Sisi tulio wa madhehebu mengine nasi tunainamisha kichwa. Mwenye kuwaza na wenye kutenda wamewekwa mahali pamoja, na inafaa, kwa kuwa kile alichokitafuta yule katika vitabu, hawa walikijibu kwa miili yao.

Hatusemi hivi ili kuwahukumu waliojificha au waliokimbia. Sisi wenyewe tuko hai kwa sababu tulikimbia, na Bwana wetu alipokuwa mtoto alikimbizwa Misri usiku. Tunasema hivi ili kijana ajue kwamba liko jibu ambalo muuliza swali hakuliandika. Ukipewa majibu mawili na yote mawili ni mabaya, hulazimiki kuchagua.

5. SWALI LA BWANA

Tufungue sasa Mathayo 16. Bwana Yesu, akiwa pande za Kaisaria Filipi, aliwauliza wanafunzi wake watu wanamsema yeye kuwa ni nani. Wakamletea majina: wengine wanasema Yohana Mbatizaji, wengine Eliya, wengine Yeremia, au mmoja wa manabii. Tazameni, ni majina mazuri yote! Hakuna tusi hata moja. Umati ulikuwa umempima, ukamfananisha na wakuu waliotangulia. Na wote walikosea, kwa sababu walitafuta jibu katika orodha waliyokuwa nayo.

Ndipo akawageukia: na ninyi je? Simoni akajibu kwamba yeye ni Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai. Bwana akamwambia kwamba hilo halikufunuliwa na mwili na damu. Na mara hiyo naye akamwita Simoni kwa jina la Petro. Ona utaratibu huo. Simoni hakulipata jina lake kwa kujichunguza mwenyewe. Alilipokea alipokuwa akimtazama Yesu.

Yohana Mbatizaji naye aliulizwa. Katika Yohana 1, makuhani na Walawi walitumwa kutoka Yerusalemu na maswali yao: wewe ni Kristo? Wewe ni Eliya? Wewe ni nabii yule? Kila mara alisema hapana. Wakachoka, wakamwomba awape jibu la kuwapelekea waliowatuma. Ni kama wale wanaopita kwetu na makaratasi, nao lazima warudi na kitu! Yohana hakuwapa jina lolote kati ya yale waliyoyaleta. Aliwaambia kazi yake: yeye ni sauti nyikani inayotengeneza njia ya Bwana. Mtu akikuuliza wewe ni nani, mwonyeshe unatengeneza njia ya nani.

Msituelewe vibaya. Afisa anayeandikisha familia kwa ajili ya chakula au hati akikuuliza jina, mahali ulipozaliwa na sababu ya kukimbia, mjibu kweli, tena kwa heshima. Maswali hayo yana kazi yake. Lakini fomu haijawahi kumfia mtu msalabani. Namba iliyo kwenye kadi yako inaonyesha mgao wako. Wewe mwenyewe umeandikwa mahali pengine. Katika Isaya 43 Mungu anawaambia watu wake kwamba amewaita kwa majina yao, na kwamba wapitapo katika mito atakuwa pamoja nao. Aliyekuita kwa jina ulipokuwa majini hakukuuliza kwanza utamke neno.

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, vijana: chezeni, lakini msiishie hapo. Ukipewa jina la mwanafalsafa, jifunze habari zake, kisha uje kwenye kikundi cha vijana utueleze unakubaliana naye wapi na unamkataa wapi. Wanaosoma Bujumbura wamtafute Kayoya, waje watusimulie.

Pili, wazazi: msiwakemee watoto wanapouliza "Mimi ni nani?" Wasipolipata jibu kwenu, watalipata kwa simu, au kwa mtu mbaya kuliko simu, atakayewapa jina la kabila na panga. Wasimulieni nyumbani habari za mababu zao. Wasimulieni pia yule jirani wa kabila lingine aliyewaficha. Mtoto asiyesikia habari za jirani huyo amepewa nusu ya historia yake.

Tatu, sisi sote wa kanisa hili. Tumeona kwamba tukifika bombani, kabla ya salamu, swali la kwanza ni "Ni wa wapi huyo?" Tumeona kwaya zikianza kugawanyika kwa lugha, na mabenchi ya kanisani yakianza kuwa na wenyewe. Hayo nayo ni majaribu yetu, na hatuulizwi kwa bunduki. Tunatengana wenyewe, taratibu, bila mtu kutuamuru. Vijana wa Buta walikataa mbele ya risasi. Sisi tunashindwaje kukataa mbele ya benchi? Jumapili ijayo tunaomba kila mtu aketi karibu na asiyemjua, amuulize jina lake, halafu anyamaze, amsikilize.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetuita kwa majina tulipokuwa mtoni, walinde watoto wetu wanaosoma mbali. Wape akili za kuwaza na moyo wa kupenda. Wasamehe walioshika orodha, nasi utusamehe orodha tulizonazo moyoni. Siku tutakapoamriwa kutengana, tupe neema ya kusimama pamoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Amani ya Bwana ikae katika kila nyumba ya makazi yetu.